Mwenye Polepole Atangulie

Mambo ya vyeo sitayasema, na mushahara pia nitauacha, maana munaujua, na wenyewe unasikia haya kutajwa mbele ya watu. Niko retrete sasa, nimestaafu. Nakaa kwangu Saio, hapa Bunia, asubuhi nakunywa chai bila kuangalia mawingu, na bibi yangu, yaani muke wangu, analalamika kwamba kila akifagia ananikuta mu njia ya fagio. Ni yeye aliyesema: "Kama unataka kusema barieri, barieri, kutwa kucha, andika, uwapelekee vijana wa brigade ya barabara. Mimi nimeshiba." Basi vijana wangu, ninyi mulionibakilia mu barabara, mupokee. Mutakayoona ni bure, mupe bibi yangu pole, yeye ndiye aliyeyasikia kwanza.

Nilipoingia kazi nilifikiri kazi ya barabara ni kuziba mashimo. Kapita wetu, musimamizi wa kazi, alikuwa Papa Zebedayo, muzee mwenye miguu mirefu na maneno mafupi. Siku yangu ya kwanza nilifika mapema, suruali imepigwa pasi, nikangoja anipe pele ya kuchota udongo. Hakunipa. Mvua ilikuwa imetoka tu kunyesha. Akaniambia, "Vua viatu. Simama pale katikati ya barabara."

"Nisimame nifanye nini, Papa?"

"Usifanye kitu. Shindilia kisigino, ungoje ikuambie."

Nikasimama pale, watu wa sokoni wananipita wanacheka. Nilisikia maji baridi yakipanda kuzunguka kisigino. Papa Zebedayo akaja akaangalia, akatikisa kichwa. "Maji yakipanda, barabara bado iko mugonjwa. Udongo ukibonyea tu bila maji, iko na nafuu. Kisigino kikikataa kuingia, imepona, fungula." Nilirudi nyumbani na suruali ya matope mupaka magoti, na mama yangu akauliza kama kweli ile ni kazi ya serikali.

Munajua ninyi, lakini pengine mutu mwingine atasoma. Barabara yetu hii ya kutoka Mahagi kuja Bunia ni ya udongo mwekundu. Ikikauka ni mugumu, ikilowa inakuwa laini sawa bugali isiyoiva. Kamyo moja yenye mizigo ikipita wakati ule, inachimba mitaro miwili. Ya pili inaiongeza. Na kesho yake munakuta ziwa. Kwa hiyo tunaweka barieri ya mvua: muti murefu umelazwa kukata njia, jiwe zito kwenye kichwa kimoja, kamba kwenye kingine. Mvua ikinyesha tunafunga. Pikipiki inapita, mugonjwa anapita. Kamyo inangoja barabara ipone. Na mwenye kuamua kama imepona ni yule anayeshika kamba.

Papa Zebedayo aliponikabidhi kamba alinipa shauri moja, na sijapata lingine kubwa kuliko lile. Alisema, "Shofere atakuonyesha saa. Atakuonyesha jua. Atakuonyesha foto ya mutoto yake. Weye muonyeshe kisigino." Na kweli walinionyesha vyote. Kuna mumoja alinionyesha foto ya harusi yake mwenyewe, eti anachelewa kwenye harusi, na foto ilikuwa imefifia mupaka bibi-arusi haonekani uso.

Nikapelekwa barieri ya upande wa Mahagi, nje kidogo ya Bunia. Pale zamani palikuwa na vibanda kidogo tu. Lakini pahali mashofere wanapongoja, chai inakuja. Chai ikija, mandazi yanafuata. Na baada ya muda pakawa kijiji kizima, na jina lake la zamani likapotea. Leo mutu anaulizwa, "Unatoka wapi?" anajibu, "Natoka Barieri," bila hata kucheka. Mashofere walikuwa wanacheza dame kwa vizibo vya chupa, wanatukana mvua, wananitukana mimi, wanalala chini ya kamyo zao. Nilizoea. Mutu wa barieri akipendwa na wote, ujue barabara yake imekufa.

Kisha vita ilikuja, na sitaisema sana, kila mutu iko na yake. Barabara ilinyamaza. Majani yaliota katikati, na muti wa barieri ulichukuliwa na mutu akapikia, sikumulaumu. Siku tuliporudi kazini tulianza upya kama watoto wa darasa la kwanza.

Ndipo ikaja ile kazi kubwa. Walileta niveleze, ile mashini ya kulinganisha njia, na rulo ya kushindilia, na Madame Injenyeri mumoja mwenye kofia nyeupe, mama mwenye akili na mwenye utani, aliyekunywa chai na siye kwenye vibanda. Mara tu ukitoka barieri yangu kuelekea Bunia, waliinyoosha njia. Waliinua udongo juu, wakachimba mifereji mirefu huku na huku ili maji isikae. Siye brigade tukashindilia mupaka ikang'aa. Hakuna kona, hakuna kilima, hakuna shimo. Nakuambia, nilijivuna. Jumapili nilimuleta bibi yangu kwa kinga yangu, ile baiskeli nyeusi munayoijua, nikamuonyesha njia. Akasema, "Ni barabara." Nikasema, "Angalia vizuri." Akaangalia vizuri, akasema, "Ni barabara ndefu."

Watu wakaiita Piste, sawa ile ya ndege, kwa sababu motokari zikifika pale zilibakiza tu kuruka.

Oneni taabu ya kazi yetu. Ukiacha mashimo wanakutukana, ukiyaziba wanakufa. Shimo ni polisi asiyesinzia. Nimetembea njia nyingi za Ituri, na kila pahali mashofere wanapokimbia kupita kiasi, ni pale tulipotumika vizuri zaidi. Na Piste ilikuwa na ubaya wake mwingine: ilianza pale kwenye kamba yangu. Mutu amefungiwa tangu asubuhi, mizigo yake inaoza, mwenzake iko pembeni anamuangalia kwa jicho. Anajua wa kwanza kufika soko la Bunia ndiye atauza vizuri, na wa nyuma atakula vumbi au matope ya wote. Kabla sijagusa kamba, injini zilikuwa zinanguruma. Nikivuta tu, loo! Zilitoka kwa pamoja sawa ng'ombe waliofunguliwa zizi, mbilimbili, zinapiga honi, klakso juu ya klakso.

Na kando ya Piste, mukono wa kushoto, kulikuwa na watu. Ni wale waliokimbia kutoka upande wa Djugu, wakapewa kiwanja pale, wakajenga vibanda vya maturubai. Maji yao yalikuwa mukono wa kuume, kwenye chemichemi ya bondeni. Katikati ya kibanda na maji ilikuwa Piste.

Mama Dhesi alikuwa mumoja wao. Mama mwembamba, anauza mihogo ya kuchoma pale kwenye barieri, hana maneno mengi, lakini akiyasema hayarudi nyuma. Alikuwa na mutoto mumoja tu aliyemubakilia, binti, Neema. Siku moja barabara ilikuwa karibu kupona, mashofere wameshapanda, mimi nashika kamba. Akaja akasimama mbele yangu, sinia ya mihogo kichwani.

"Papa Barieri, ni weye unatufunguliaga hizi motokari?"

"Si mimi, mama. Ni mvua. Ikiisha, nafungula."

"Mvua haina kamba mu mukono. Kamba iko na weye."

Nilitaka kucheka, nikaona uso wake, nikaacha. Akaendelea: "Neema hasikii. Tangu ule ugonjwa wa kichwa, masikio yake ilifungwa. Anaendaga kuchota mayi kule ngambo. Wanamupigia klakso, yeye anatembea tu. Siku moja watamukanyaga, na watakuja kuniambia: mama, pole, lakini tulipiga klakso."

Nilikasirika, sitaficha. Nilimuambia mimi si polisi, nimutafute polisi wapi, na kazi yangu ni udongo. Lakini lile neno lilinifuata mupaka nyumbani. Kazi niliyofundishwa ilikuwa kulinda barabara isiharibiwe na watu. Kulinda watu wasiharibiwe na barabara, hakuna aliyenifundisha. Na shofere wetu, munamujua: kwake klakso ni freni. Akishaipiga, anahesabu kwamba ameshapunguza mwendo.

Nikamuambia Madame Injenyeri. Hakunicheka. Akaleta kibao kizuri cha chuma, chenye picha ya mutoto anayekimbia, tukakisimika pale katikati ya Piste. Kilikaa muda mufupi, kikatoweka. Nilikuja kukikuta kwenye kibanda kimoja, ni kifuniko cha sufuria ya mahindi. Yule mutoto wa picha bado anakimbia, na mvuke unamutoka chini ya miguu. Mwenye sufuria aliniuliza kama nilitaka gunzi moja ama mawili.

Nikajaribu majani. Kwetu mutu akiona matawi yamelazwa mu barabara, anajua mbele kuna kamyo imeharibika, anapunguza. Nikakata matawi, nikayapanga. Siku za kwanza walipunguza, wakachungulia, hawakuona kitu. Wakaanza kusema, "Aah, ile ni majani ya Papa Barieri," wakayakanyaga. Kumbe nilikuwa naharibu kitu. Siku moja kamyo ya kweli ilivunjika axe, kile chuma cha magurudumu, palepale, wenyewe wakaweka matawi, na hakuna aliyeyaamini. Mutu wa pikipiki alijikuta chini ya kamyo na pikipiki yake, muzima, ila amekasirika, anatukana kila tawi. Nikayakusanya majani yangu yote, nikawapa mbuzi wa watu. Tawi mu barabara ni neno la mutu, na neno likishasema uongo halifai kitu tena.

Halafu watu wa kambi wakajitengenezea dodani kwa udongo na mawe, vilima viwili vya kukata njia. Nia nzuri kabisa. Mvua ya kwanza, maji yakasimama nyuma ya dodani, yakatafuta pa kupita, yakakata ukingo wa barabara nzima. Maji hayajui dodani ni ya usalama. Ilinibidi nivisawazishe mwenyewe kwa pele, Mama Dhesi anaangalia mikono kiunoni. Tangu siku ile hakunisalimia. Alikuwa ananipita kama anapita muti wa barieri, na mihogo yake nilikuwa nainunua kwa kutuma mutu. Mimi nilifikiri basi, nimejaribu, Mungu ameona. Lakini kila nikivuta kamba nilikuwa nafunga macho kidogo, na shingo inauma mupaka kamyo ya mwisho ipotee.

Sasa sikilizeni jinsi dawa ilivyokuja, maana haikutoka mu kichwa changu. Ilikuja na ng'ombe.

Kulikuwa na Muzee Upio, shofere wa Mahagi, muzee kuliko wote, na kamyo yake ilikuwa muzee kuliko yeye. Benzi ya zamani, mbele imeandikwa NITAFIKA TU. Ilikuwa inapanda kilima polepole mupaka mashofere wanasema abiria wake wanashuka, wanajisaidia porini, wanamukuta pale pale. Kila siku alifika wa mwisho, akapanga mustari wa mwisho, hana kinyongo. Siku ile alikuja na ng'ombe. Mvua ilikuwa imefunga tangu asubuhi, jua likatoka kali, ng'ombe wakaanza kulia, mumoja ameshalala. Muzee Upio akanifuata, kofia mukononi.

"Mwanangu, sikuombi ufungule mbele ya saa. Ukifungula tu, uniache nitangulie. Hawa nyama watakufa."

Nikatia kisigino. Kikakataa kuingia. Nikaita mashofere wote, nikasema, Muzee Upio anatoka kwanza kwa sababu ya ng'ombe. Walinung'unika, lakini kwa ng'ombe mutu wa Ituri hana ubishi mrefu. Wakamupisha. Nikavuta kamba, NITAFIKA TU ikakohoa, ikatoka.

Ndipo niliona. Piste imeinuliwa juu, mifereji mirefu pande zote mbili; kamyo kupita kamyo nyingine pale ni mashindano ya watu wawili wanaokubali, na Muzee Upio hakukubali, alikaa katikati kama amekaa kwenye kiti cha kwake. Nyuma yake motokari zote zikafuatana, zikapiga klakso mupaka zikachoka. Na mbele, Mama Dhesi alikuwa anavuka na beseni ya maji kichwani. Hakukimbia. Nilikuwa sijawahi kumuona akivuka Piste bila kukimbia. Alitembea, maji hayakumwagika, akafika ngambo, akageuka akaangalia ile foleni, kisha akaangalia kule kwangu kwenye kamba. Nilisikia kitu kinafunguka mu kifua. Nilicheka peke yangu mupaka muuza chai akauliza kuna nini.

Tangu siku ile nikaweka sheria: mvua ikiisha, mwenye polepole atangulie.

Mamaa! Walipiga kelele! Walisema nimelogwa. Mumoja akasema atanishitaki mukoani, nikamuambia aende, lakini kwa zamu yake. Lakini mutu ni mutu, na shofere ni mutu mara mbili. Baada ya muda waligundua kwamba mwenye polepole akitangulia, ndiye wa kwanza kufika soko. Basi ikaanza mambo ambayo sikuwahi kuona. Watu waliokuwa wanasifu kamyo zao kama bibi mupya, wakaanza kusifu ubovu.

"Papa Barieri, gia yangu, ile vitesi ya tatu, haiingii!"

"Hiyo ni kitu? Yangu haina ata ya pili! Angalia moshi!"

"Mwongo huyu, jana alinipita kwa mulima!"

Nikawa mwamuzi wa magonjwa. Nilikuwa naambia mutu, "Zungusha kidogo nione," anajifanya anasukumwa, wenzake wanapiga vigelegele. Lakini kila Muzee Upio akiwepo, hakuna kesi, wote wananyamaza, wanamupisha. Na Mama Dhesi akaanza kunisalimia tena, mwanzo kwa kidevu, halafu kwa mudomo. Siku moja akaniletea muhogo bila mimi kutuma mutu. Ulikuwa umeungua kidogo, nikaula wote.

Mumoja tu alikataa: Faustin, waliyemuita Radi. Alikuwa na kamyo ya bluu, nyepesi, analeta samaki mubichi kutoka ziwani, na watoto wa njia nzima walijua jina lake. Hakuwa mutu mubaya. Alikuwa mutu aliyesifiwa sana kabla hajapata akili. Nilimuambia mara nyingi, haraka haina baraka. Akanijibu, "Sawa, Papa. Na samaki yenye kuoza, yenyewe iko na baraka gani?" Hata mimi nilicheka.

Siku ile alikuwa nyuma ya Muzee Upio. Mimi niko kwenye kamba, naangalia Piste yote. Walipokaribia mwisho, kwenye kalavati pale njia inapopanuka kidogo, nikaona kamyo ya bluu inatoka kando. Klakso yake niliisikia kuanzia barieri. Haikunyamaza. Na mbele ya Muzee Upio, kule pa kuvukia, Neema alikuwa anapanda kutoka chemichemi, anaingia barabarani, beseni kichwani, mugongo kwetu.

Nilitupa kamba, nikakimbia. Miguu yangu haikuwa na faida, ni mbali, lakini nilikimbia. Nikaona ile kamyo inayumba, inasita, inainama, inaingia mu mufereji polepole kama mutu anayelala, na samaki wakamwagika mu barabara wakang'aa. Moshi wa kamyo ukafunika kila kitu. Mungu wangu, ule mwendo nilioukimbia sitausahau.

Nilipofika, Neema alikuwa amesimama katikati ya samaki, beseni bado iko kichwani. Hakusikia kitu. Aligeuka tu kwa sababu ardhi ilitikisika, akakuta kamyo imelala karibu naye. Radi alikuwa ametoka kwa dirisha, damu kidogo kwenye paji la uso, anamupigia kelele: "Nilipiga klakso! Nilipiga tangu kule! Sababu gani haukutoka?" Neema anaangalia mudomo wake.

Mama Dhesi akafika. Nilifikiri atamurukia. Hakufanya. Alishika mukono wa Neema, akauweka juu ya mulango wa ile kamyo iliyolala. Akamuambia Radi, "Piga tena."

"Nini?"

"Klakso. Piga tena, uone."

Radi akaingiza mukono ndani, akabonyeza. Ile sauti ilitutoboa siye wote masikio. Neema hakushituka hata kidogo. Halafu mukono wake ukasikia chuma kinatetemeka, na akacheka. Alicheka vizuri, kama mutoto aliyepewa kitu. Akabonyeza kiganja zaidi ili asikie zaidi.

Radi akaacha klakso. Akakaa chini mu samaki, akalia, mutu muzima. Muzee Upio akamupa kitambaa, akasema, "Lia, mwanangu, lakini usilie juu ya samaki, wataingia chumvi." Hapo wote wakacheka na kulia pamoja. Watu wa kambi walikusanya wale samaki kwa mabeseni, wakamupangia Radi kwa kivuli, hakuna hata mumoja aliyeondoka nao. Yeye akasema, "Mule. Itaoza." Jioni ile kambi nzima ilinukia samaki, na mimi nilipewa kichwa kikubwa, na Mama Dhesi ndiye aliyenipa.

Radi hakugeuka malaika, musinisikie vibaya. Njia zingine anakimbia vilevile kama zamani, na kule Nyakasanza bado kuku wanamuogopa. Lakini kwenye Piste akawa askari wa sheria yangu kuliko mimi. Mvua ikiisha, kabla sijafungua mudomo, yeye ndiye anazunguka foleni: "Nani polepole leo? Nani mugonjwa?" Na Neema akatufundisha alama yake: kiganja chini, kubonyeza hewa mara mbili. Polepole. Mashofere wakaichukua. Wanaifanyiana mupaka leo, wakipishana kwenye vilima vya Mahagi, na wageni wanafikiri ni salamu ya dini fulani.

Miaka ikaenda. Muzee Upio alipumuzika kazi, na NITAFIKA TU iko kwake, kuku wanatagia ndani, basi imefika. Papa Zebedayo tulimuzika zamani, kwa viatu, ingawa nafikiri yeye angependa miguu mitupu. Neema alikua, akajifunza kushona, akaolewa palepale kambini.

Siku yangu ya mwisho mvua ilinyesha asubuhi, namushukuru Mungu, maana siku kavu mutu wa barieri anaagwa kama asiyekuwa na kazi. Vijana mulinipikia bugali na sombe, mukanipa soda, Jeremi, mwenye kunirithi kamba, akasoma hotuba ndefu ambayo nusu yake sikustahili na nusu sikuisikia kwa kelele za dame. Nilivua viatu, nikasimama katikati, nikashindilia kisigino. Kilikataa. Nikamupa Jeremi kamba mu mukono. Nikafunga pele yangu kwenye kinga, tayari kurudi nyumbani, nikasogea pembeni ili foleni itoke kwanza.

Mashofere walikuwa wameshaanza: "Yangu haina vitesi!" "Yangu freni inalia!" Radi, sasa ana mvi, akapanda juu ya bampa ya kamyo yake.

"Munyamaze! Leo hakuna kesi. Mwenye polepole iko anajulikana." Akanyoosha kidole kwangu, kwenye kinga yangu. "Papa, tangulia."

Nilisema hapana, munacheza. Akasema, "Ni sheria yako." Jeremi akavuta kamba, muti ukapanda, na hakuna injini iliyosogea. Walinitazama tu. Nikapanda kinga, nikatoka.

Kamyo zote za Mahagi zilinifuata nyuma kwa vitesi ya kwanza. Nilizisikia zinavuta pumzi, nikaogopa kugeuka, maana macho yalikuwa yameshanilowa. Piste niliishindilia kwa mikono yangu, na sikuwahi kujua ni ndefu namna ile. Bibi yangu alisema kweli.

Pale pa kuvukia, Neema alikuwa anasimama na beseni kichwani, mutoto mugongoni. Aliniangalia mimi na pele yangu, akaangalia foleni nyuma yangu mupaka mwisho, mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko. Kisha akaingia barabarani, akanyoosha kiganja chini, akabonyeza hewa mara mbili. Kwangu! Mimi, kwenye kinga, mwenye polepole kuliko wote!

Kinga yangu haina freni tangu zamani. Nikashusha kisigino. Udongo ulikuwa mukavu, mugumu, haukuingia hata kidogo. Nikasimama, na nyuma yangu zote zikasimama, na hakuna hata mumoja aliyepiga klakso. Neema akavuka.